Duke Veney Atweka Tanga la Lavinia Crane

Philadelphia
4 Machi 1974

Dada yangu Odessa,

Salamu kwako, salamu kwa Baba, salamu na kwa friji yako inayonguruma kumshinda Mchungaji Laws. Sisi huku hatujambo. Mwenye jambo ni goti langu la kushoto, maana kule Baltimore niliwapigia magoti akina mama wa safu ya mbele na jukwaa halikuwa na zulia. Claudine anakusalimu sana. Kabla hujauliza, ni Claudine yuleyule wa Krismasi.

Achari ya maganda ya tikiti uliyotutumia imefika. Chupa moja ilifika nzima, nyingine ilifika ndani ya soksi ulizozifungasha nayo. Soksi nimezifua, bado zinanukia karafuu, na nikizivaa watu wananiuliza nimetoka kula nini.

Sasa nisikilize. Kampuni ya Silverbell imeamua kutoa albamu ya nyimbo zangu zilizotia fora kuliko zote. Bwana Pruett, mkubwa wa kampuni, aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akanimiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Akaniambia, "Duke, umefika pale ambapo msanii anastahili kugeuka na kutazama alikotoka." Nilitoka pale nikijiona mrefu.

Basi katika maongezi nikamgusia kwamba baba yangu alipigana vita ndani ya skuna ya jeshi la majini. Pruett karibu aruke kitini. Merikebu ya matanga, vita, Atlantiki! Anataka picha ya jalada ipigwe humo humo ndani ya ile skuna, Lavinia Crane, mimi nimeshika usukani, Baba amesimama kando yangu, na tanga nyuma yetu. Nimemwambia hakuna shida.

Shida unaijua. Mwaka wa kumi na moja huu Baba hajanisemesha, tangu nilipoiacha mashua ya uvuvi katikati ya msimu na kwaya ya kanisa katikati ya wimbo. Bado namsikia akiniambia pale gatini: siku nikiimba kitu kinachoweza kuinua chochote, hata ndoo, ndipo atazungumza nami. Sijui wimbo wa mapenzi unatakiwa kuinua nini. Lakini Odessa, nataka neno moja kutoka kwa yule mzee, hata likiwa tusi. Picha ni kisingizio. Hayo ya mwisho usimwambie.

Muulize basi, kwa ule ulimi wako wa asali.

Mdogo wako,
Lemuel (Duke)


Dozier's Landing, Virginia
30 Machi 1974

Mpendwa Lem,

Barua yako ilifika zamani. Sikujibu kwa sababu mbili. Ya kwanza, kiwanda cha kaa kimeanza kazi mapema na vidole vyangu vimechanika hata kalamu inauma. Ya pili sitakwambia. Huku hatujambo. Mchungaji Laws amenunua gari ambalo halitoshei kwenye daraja, kwa hiyo analiacha ng'ambo na kuja kanisani kwa miguu akiwa amevaa glavu za kuendeshea. Mama Gaskins amejaliwa mjukuu mwingine, wameshaishiwa majina. Baba yupo. Anakula uji wa mahindi na mayai laini.

Nimefurahi kwa ajili ya albamu yako. Nimekaa na wasichana wa kiwandani tukihesabu hizo nyimbo zilizotia fora. Tulianza na "Nirudishie Koti Langu," ambayo hata mbwa wa mjini hapa wanaijua. Tukaendelea na "Nirudishie Koti Langu, Sehemu ya Pili." Baada ya hapo hesabu ikatuishia, mpaka Verlene akasema labda watu huko Philadelphia wanajua nyingine. Hebu niambie, mdogo wangu, kwa nini kampuni imtolee nyimbo bora mtu ambaye bado anazitafuta?

Kuhusu Lavinia Crane. Bado ipo nyuma ya kiwanda cha samaki, imelala kwenye tope, na rangi imebabuka. Baba huenda kila siku kuipiga pampu, maana ikiachwa inakunywa maji kwa pupa. Sasa imepata bahati: kuna Kamati ya Urithi, mwenyekiti Bibi Pembroke, yule anayevaa nanga ya dhahabu kifuani na hajawahi kupanda hata mtumbwi. Wanataka iwe makumbusho. Wameshasimamisha na kibao, kinasema skuna hii shujaa ilizamisha nyambizi ya Wajerumani. Yameandikwa majina ya maofisa wote watano, wale watoto wa matajiri wa Connecticut, pamoja na shule walizosoma. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo: "na mpishi."

Huyo "na mpishi" ndiye baba yako. Amekisoma kile kibao, akaenda zake kupiga pampu.

Nimemuuliza habari ya picha. Swali lake likawa moja tu: "Tanga litakuwa juu au chini?" Sijui nimjibu nini.

Dada yako,
Odessa


Philadelphia
22 Aprili 1974

Dada yangu Odessa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na vidole vyako. Nakutumia mafuta ya mikono, ni ya Claudine, hatayatafuta. Goti limepona. Pasaka tulikula nyama ya nguruwe kwa rafiki yake mwenye piano nyeupe ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa, hata mimi.

Mwambie Baba tanga litakuwa juu. Bila shaka. Pruett amesema bila tanga ni boti tu.

Wale wasichana wa kiwandani waambie wanitolee fitina zao. Albamu ina nyimbo kumi. Kuna "Koti" ya kwanza, "Koti" ya pili, "Koti" ya Krismasi yenye kengele, na "Koti" niliyoimba mbele ya watu Baltimore ambapo kipaza sauti kilizimika katikati, lakini Pruett anasema palipozimika panatia simanzi. Zilizobaki ni nyimbo ambazo zingetia fora kama watu wangezisikia. Wimbo wa kumi bado hatujaupata.

Swali lako la kwa nini nitakujibu siku nyingine.

Hapa naambatanisha maneno yatakayochapwa nyuma ya jalada. Ameyaandika kijana wa kampuni aliyesoma, baada ya kupiga simu kwa Bibi Pembroke wako. Anasema Nahodha Burrell Veney aliiongoza Lavinia Crane dhidi ya nyambizi mbili, akiwa na bastola mkono mmoja na Biblia mkono wa pili, na kwamba mwanawe Duke aliurithi ule ujasiri katika sauti yake. Nilimwambia yule kijana kwamba Baba hakuwa nahodha. Akaniuliza, "Una uhakika?" kwa namna ambayo nilianza kujitilia shaka. Nilimuuliza pia mtu mwenye bastola na Biblia anashika usukani kwa kitu gani. Akasema hilo ni jambo la kishairi.

Tafadhali usimsomee Baba.

Wako,
Lemuel


Dozier's Landing
19 Mei 1974

Lem,

Hatujambo, na Mungu anajitahidi. Mchungaji ameligonga daraja. Gari limeumia, daraja halina habari. Mafuta ya mikono nashukuru, ingawa yananukia kwa namna ambayo kaa wenyewe wamenishangaa. Baba yupo, anakula vizuri kidogo.

Nimemsomea Baba.

Usinikasirikie. Niliposoma pale pa bastola na Biblia alianza kucheka. Alicheka kwa mabega mpaka nikamshika asianguke kitini. Halafu akanieleza ile hadithi ya nyambizi, taratibu, jioni nzima, na mimi nakuandikia kwa kifupi ili mtu mmoja huko Philadelphia awe nayo.

Kazi ya Lavinia Crane ilikuwa kwenda na kurudi baharini bila injini, kusikiliza nyambizi kwa chombo kilichoteremshwa majini. Maofisa watano, mabaharia wanane, na Baba jikoni, kwa sababu siku zile jeshi la majini lilimwona mtu wa rangi yetu likamwonyesha sufuria. Siku moja wakasikia kitu chini. Nahodha akapiga saluti, sijui alimpigia nani, wakatupa bomu. Bahari ikapanda juu na kushuka, na baada ya hapo pakawa na samaki. Samaki kila mahali, wameelea matumbo juu. Hiyo ndiyo nyambizi. Baba aliikaanga kwa unga wa mahindi, watu wakala mpaka wakamwomba aache. Nahodha alipata nishani.

Na jambo jingine ambalo hakuwahi kutuambia. Wale vijana wa Connecticut walijua kila kitu kilichomo vitabuni kuhusu matanga, isipokuwa namna ya kuwafanya watu wanane wavute kamba pamoja. Tanga kubwa lilikuwa linawashinda. Siku ya tatu Baba akatoka jikoni na aproni yake, akawaimbia kama tunavyoimba huku tunapovuta wavu wa samaki wa kukamuliwa mafuta, tanga likapanda. Tangu siku hiyo mpaka vita vinaisha, likitakiwa kutwekwa wanamwita mpishi. Hilo halipo kwenye kibao, na naona halipo kwenye jalada lako.

Sasa masharti yake. Picha atapigwa. Lakini tanga lisipandishwe kwa mashine ya kiwanda. Lipandishwe kwa mikono, na wazee wa mashua yetu, kwa wimbo. Na atakayeongoza wimbo ni wewe. Yeye hataongoza. Usiniulize kwa nini, siku hizi hataongoza tu.

Amesema tanga ni zito kuliko ndoo. Nadhani umeelewa.

Najua umekaa mjini, nikukumbushe. Kiongozi anaimba mstari. Akiwa bado anaimba, hakuna anayevuta na hakuna anayeachia, wote wameuegemea uzito wanamsubiri. Akinyamaza, ndipo mikono inavuta. Kazi yote iko pale anaponyamaza. Uliambiwa hivyo utotoni, ukiwa bado unapigania nafasi ya kukaa karibu na mkate.

Odessa


Philadelphia
10 Juni 1974

Dada yangu,

Nakusalimu, naandika nikiwa na haraka. Claudine hajambo, yuko kwa mama yake kwa muda. Goti limerudia.

Tutakuja Jumamosi tarehe ishirini na tisa. Mimi, Pruett, na mpiga picha kutoka New York ambaye hupiga picha za viatu. Nimeshonewa suti nyeupe. Najua inanibidi kukaa kwenye tope, lakini Pruett anasema weupe unaelewana na tanga.

Nafanya mazoezi ya wimbo bafuni kila asubuhi. Jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio, kwa hiyo naona nguvu bado ipo.

Odessa, usiku silali vizuri kwa kumfikiria. Nikimwamkia, atanijibu?

Lem


Dozier's Landing
2 Julai 1974

Lemuel,

Sina salamu ndefu leo. Nyumba ni nzima. Nakuandikia mambo ya Jumamosi ingawa ulikuwepo, kwa sababu nakujua: ukifika Philadelphia utayasimulia kwa namna yako, na nataka pawepo na namna ya pili.

Ulishuka garini na suti nyeupe na viatu vyenye kisigino cha kupandia ngazi. Wazee walikuwa wameshajipanga: Shemasi Gaskins, ndugu wawili wa akina Croxton, na wengine unaowajua, wote wamevaa nguo za kazi zilizopigwa pasi kwa heshima yako. Bibi Pembroke alileta kiti chake na bendera. Baba alikaa juu ya kasha la samaki karibu na mlingoti. Ulimwendea ukamwambia, "Baba, shikamoo, mimi Lemuel." Ukasubiri. Kiwanda kilikuwa kinapiga honi ya zamu, ndege wa baharini wanapiga kelele. Niliona uso wako ukijifunga. Ukageuka ukaenda kwa mpiga picha.

Nikasema moyoni, Bwana, tanga lipande tu.

Mstari wa kwanza uliimba kama mtoto wa kwenu. "Nakwenda kwa Luella, mvua isije." Ukanyamaza. Wazee wakavuta, boriti ya tanga ikaacha sitaha, na mimi nywele zikanisimama. Mstari wa pili, vilevile. Tanga lilifika nusu ya mlingoti, limejaa viraka na kinyesi cha ndege, na lilipendeza. Nilimtazama Baba. Mikono yake ilikuwa inakunjika na kukunjuka juu ya magoti.

Ndipo yule mtu wa viatu akapaza sauti, "Duke, wape ile yao!"

Na wewe ukawapa. "Mvua isijeeee." Ukafumba macho, ukanyoosha mkono, ukaikunja ile noti kulia, ukaikunja kushoto, ukaipandisha ghorofani ukaishusha kwa ngazi nyingine. Lem, wanaume saba wenye umri wa kustaafu walikuwa wameshikilia uzito wa tanga zima wakikusubiri umalize. Hawawezi kuvuta, hujanyamaza. Hawawezi kuachia, ni wimbo. Ndugu mkubwa wa akina Croxton alianza kutetemeka kama friji yangu. Shemasi Gaskins alisema kwa upole, "Kijana, maliza." Ukadhani anakutia moyo. Ukaongeza. Akasema tena, "Lemuel, kwa jina la Yesu, koma." Ukapiga goti.

Shemasi akaanza kukohoa, akaachia. Wakaachia wote.

Tanga lilikuangukia wewe, likamwangukia na Bwana Pruett na kahawa yake. Boriti ilikupita kwa upana wa kiganja, na usiku bado naiona. Halafu kutoka chini ya lile turubai, namshukuru Mungu na namshangaa, tukasikia bado unaimalizia.

Bibi Pembroke alipiga makofi. Alidhani ndivyo inavyokuwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye barua. Baba aliondoka kwenye kasha lake, akaja, akainua ukingo wa tanga akakutazama usoni. Midomo yake ikacheza. Ulikaa pale umejaa vumbi ukimsubiri, halafu ukaniambia mimi, si yeye, "Miaka kumi na moja, na hata leo hawezi kunipa neno." Ukainuka ukaingia garini. Keki ya kahawa niliyopika haikukatwa.

Lem, alikujibu. Alikujibu mara mbili. Januari madaktari wa Norfolk walimpasua koo wakaondoa kile walichokiondoa, na sauti ikaenda nacho. Amebakiwa na mnong'ono ambao lazima usogeze sikio mpaka ndevu zikuchome. Yote niliyokuandikia kwamba Baba kasema, aliyanong'ona. Mimi nilitaka kukuandikia siku ileile ya upasuaji. Alinikataza. Alisema, "Akijua atakuja na maua. Mwache aje kwa kazi." Ndiyo ile sababu ya pili. Na ndiyo maana hakuweza kuongoza wimbo, na wazee wengine hawana sauti inayofika mwisho wa kamba. Tangu Januari mashua yetu inavuta wavu kwa mashine.

Ulipomwamkia alisema, "Karibu nyumbani." Nilikuwa karibu, na midomo yake nimezoea kuisoma.

Na pale chini ya tanga alikuuliza, "Umeumia?"

Odessa


Philadelphia
8 Septemba 1974

Dada yangu mpendwa Odessa,

Nakusalimu wewe na Baba. Nimechelewa kuandika. Barua yako nilikuwa nayo mfukoni muda wote, Claudine akadhani ni ya mwanamke. Amerudi kwa mama yake, safari hii na piano. Si ile nyeupe, yetu.

Nilitaka kuja Jumapili ya Marejeo kanisani, ile ya waliohama kurudi nyumbani, nikafika mpaka kituo cha basi, nikarudi. Niliona aibu. Nilitaka neno moja nikapewa matatu, na sikusikia hata moja kwa sababu nilikuwa namsubiri mtu apaze sauti. Nimelia, na sioni sababu ya kukuficha.

Sasa nakujibu lile swali lako la Machi. Kampuni ikitoa nyimbo bora za mtu kama mimi, maana yake imemaliza naye. Kahawa ile ya Pruett ilikuwa ya kuniaga. Unga wangu umemwagika tangu mwezi wa tatu na mimi nikashonewa suti. Wanatoa albamu ili walioninunua zamani waninunue tena mara moja, halafu wanifungie kabatini. Lavinia Crane nayo naona ilitolewa jeshini kwa heshima kama hizo.

Pruett amechagua picha. Ni ile baada ya kuanguka. Linaonekana tanga limelala sitaha nzima, na chini yake vinatokeza viatu vyangu viwili. Mtu wa New York anasema ndiyo picha bora aliyopiga maishani. Lazima, ni ya viatu.

Wimbo wa kumi tumeupata. Ulibaki muda studio, wakaniambia nijaze chochote. Nikawaimbia ule wa Luella. Nikawaambia wanawake wa kiitikio waitikie kama wamebeba kitu kizito, na mmoja wao, bibi yake anatoka Reedville, kwa wavuvi wenzetu, alielewa bila kuelezwa. Kila mwisho wa mstari nilinyamaza. Fundi wa mitambo akatoka mbio kwenye chumba chake akidhani nimezirai. Alipoona niko salama akauliza ile noti yangu ndefu iko wapi. Nikamwambia iko chini ya tanga. Pruett ameuweka wa mwisho upande wa pili, anasema huko hakuna anayefika.

Albamu itatoka Oktoba. Nitakutumia. Usimlazimishe Baba.

Mdogo wako,
Lem


Dozier's Landing
3 Novemba 1974

Lem mpenzi,

Tunakusalimu sote. Vidole vyangu vimepumzika, kaa wamekwisha. Wiki ijayo akina Gaskins wanachinja nguruwe. Mchungaji ameuza gari, na daraja limepakwa rangi mpya pale alipoligonga, nyekundu, ili mwingine asijaribu.

Albamu ilifika ikiwa nzima, si kama achari yangu. Bibi Pembroke amenunua nakala yake kwa ajili ya makumbusho. Amesoma nyuma ya jalada, na kwa kuwa sasa ni maneno yaliyochapwa, amebadilisha kibao. Zamani kilisema nyambizi moja, sasa kinasema mbili. Na mwishoni, badala ya "na mpishi," wameandika "chini ya Nahodha Burrell Veney." Kijana wako alimsikiliza Bibi Pembroke, Bibi Pembroke amemsikiliza kijana wako, na wote wawili wanaishi umbali wa hatua chache au simu moja kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Baba alikwenda kule na kopo la rangi ya boti, mchana kweupe. "Nahodha" akaifuta. Juu yake akaandika, kwa mkono wake, "Mpishi, na mwimbaji wa kamba." Nyambizi zote mbili ameziacha. Anasema ziwabakie, zilikuwa na miiba mingi.

Sikumlazimisha. Jana nilikuwa nimeandaa meza, Shemasi na mkewe wanakuja kula. Nilitandika kitambaa cha Mama, nikaweka pai ya viazi vitamu katikati. Baba akaja mwenyewe na santuri yako mkononi, akaiweka upande wa pili kwenye gramafoni, akakaa. "Koti" ya Krismasi ilipopita alinitazama, nami nikatazama dirishani. Nyingine zikapita. Ukaja ule wa Luella.

Lem, mstari wa kwanza ulipokwisha ukanyamaza, na mikono ya Baba ikavuta. Hakuwa na kamba, alikuwa na kitambaa cha Mama. Sahani zilisogea. Nikasema, "Baba," lakini mstari wa pili ulikuwa umeanza, na ukanyamaza tena mahali palepale, akavuta tena. Mstari wa tatu nilikuwa nimeshika ncha ya pili ya kitambaa, na sijui kama nilikuwa nakizuia au navuta naye. Pai ilipanda ukingo wa bakuli la mboga ikaanguka sakafuni. Shemasi Gaskins aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni akaitazama, akavua kofia.

Tumekula mboga na mkate. Baba aliomba kalamu. Anasema haya nisiyaguse, niyapeleke kama yalivyo:

Lemuel, imeinuka pai. Si ndoo, ila naikubali. Tanga bado liko chini na wazee wameshapona mikono. Hapa hakuna sauti, njoo na yako. Ukifika nisogelee sikio, nina mengi. Viatu vile viache huko. Baba.